Fedha za Inua Jamii: Akaunti ya mzee ni salama iwapo tu i mikononi mwake

Kwa shaibu au ajuza wa Ziwa la Ng'ombe ambaye hana pensheni wala mwana wa kumtumia chochote, Sh2,000 za kila mwezi kutoka kwa serikali si fedha za kupuuzwa. Ndizo unga, ndizo dawa ya shinikizo la damu, na aghalabu ndizo zinazozuia mwenye nyumba kubisha hodi mapema. Kiwango hicho hakijaongezwa kwa zaidi ya miaka 10, ilhali bei za bidhaa hazikumngojea mtu. Ndiyo maana kila shilingi inayopotea njiani, kati ya Hazina ya Taifa jijini Nairobi na kiganja cha mzee, huwa na uzito usiolingana na udogo wake.

Kwa muda mrefu serikali imekuwa ikiwahimiza wanaopokea misaada hiyo waachane na malipo ya taslimu na wakubali fedha ziingizwe moja kwa moja katika akaunti zao. Hoja yenyewe ni nzuri. Hata hivyo, neno "zao" ndilo linalohitaji kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa akaunti inaweza kuwa na jina la mzee huku kadi, namba ya siri na simu vikiwa kwa mtu mwingine kabisa.

Ziwa la Ng'ombe ni wadi ya eneobunge la Nyali, Kaunti ya Mombasa, katika upande wa bara kaskazini mwa kisiwa. Kabla ya uchaguzi mkuu wa 2013, mitaa hiyo ilikuwa chini ya eneobunge la Kisauni, na hadi leo wakazi wengi hujitambulisha kuwa watu wa Kisauni. Jirani yake ni Bombolulu, ambako tangu 1969 kumekuwa na karakana za watu wenye ulemavu zilizoanzishwa na Chama cha Walemavu wa Viungo nchini Kenya. Ni eneo la vyumba vya kupanga, vibarua na wachuuzi, na wengi wa wazee wake waliishi maisha yao yote ya kazi bila kuajiriwa rasmi na mtu yeyote. Kwa watu kama hao benki ilikuwa jengo la kupitwa tu, lililoko Nyali, Bamburi au ng'ambo ya daraja.

<b>Kutoka foleni ya Posta hadi akaunti</b>

Misaada inayojulikana leo kwa jina la Inua Jamii haikuzaliwa siku moja. Mwaka 2004 ulianza mpango wa mayatima na watoto walio katika hali ngumu, kwa majaribio ya familia chache katika maeneo ya Kwale, Garissa na Nairobi. Wakongwe wakafuata katika mwaka wa fedha wa 2006/2007, kisha watu wenye ulemavu mkubwa mwaka 2011. Kaunti za kaskazini zenye ukame, yaani Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, zikawa na mpango wao wa kukabiliana na njaa. Mwaka 2013 mipango hiyo yote iliwekwa chini ya mwavuli mmoja wa kitaifa. Mageuzi makubwa zaidi kwa wazee yalikuja 2018, pale serikali ilipoanza kumlipa kila Mkenya aliyetimu miaka 70 asiye na pensheni, bila kumtaka kwanza athibitishe ufukara wake.

Katika miaka ya mwanzo malipo yalitolewa kwa mkono, hasa kupitia afisi za Posta. Siku ya malipo ilikuwa siku ya jua na foleni. Mzee aliyekosa kufika katika muda uliowekwa alilazimika kungoja zamu nyingine, na aliyefika hakuwa na la kufanya ila kuchukua kitita chote na kurudi nacho nyumbani, huku mtaa mzima ukijua kuwa leo amelipwa. Wezi nao hawakuhitaji kuambiwa.

Baadaye zikaja kadi na mashine za kusoma alama za vidole. Benki za Equity na KCB zilipewa kazi ya kulipa, zikitumia matawi yao pamoja na mawakala ambao Benki Kuu ya Kenya iliwaruhusu kuanzia 2010. Hapa pana jambo ambalo wengi hulichanganya: kadi ile haikuwa akaunti kamili. Mnufaika aliitumia kuthibitisha kuwa ndiye mwenyewe, akapewa fedha zake, basi. Hakuweza kuweka akiba humo wala kupokea fedha kutoka kwa mwanawe. Alama za vidole nazo zilileta mashaka yake. Mtu aliyelima, kupasua kokoto au kufua nguo za watu kwa miaka 40 huenda vidole vyake vikawa vimelika kiasi kwamba mashine haioni kitu, naye akaambiwa arudi siku nyingine kana kwamba kosa ni lake.

Akaunti kamili zilianza 2018. Wanufaika walitakiwa kuchagua benki wanayoitaka miongoni mwa zilizoingia mkataba na serikali, zikiwamo KCB, Equity, Co-operative na Postbank. Tofauti ilikuwa kubwa kuliko ilivyotangazwa. Kwa mara ya kwanza mzee aliweza kuacha nusu ya fedha zake benki, akazichukua wiki ijayo au mwezi ujao, na akahama benki iwapo hakuridhika na jinsi anavyohudumiwa.

Kisha mwaka 2024, Wizara ya Leba na Ulinzi wa Jamii, ikiongozwa wakati huo na Waziri Florence Bore, ilianza kuwahamishia wanufaika katika malipo ya M-Pesa kupitia jukwaa la serikali la eCitizen. M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom mwaka 2007, ina wakala karibu kila kichochoro cha Mombasa, hivyo hoja ya kuokoa nauli haikuwa ngumu kuieleza. Ugumu ulikuwa kwingine. Wapo wazee wasio na simu. Wapo wenye simu ambayo laini yake ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mjukuu. Na wapo waliokuwa wamezoea kadi yao ya benki, wakaona wanatakiwa kujifunza upya jambo walilokuwa ndiyo kwanza wamelielewa.

<b>Faida isiyopingika</b>

Pamoja na misukosuko hiyo, mzee anayelipwa kupitia akaunti yake yuko mahali pazuri kuliko yule wa foleni ya Posta. Fedha hupita mikono michache. Kila malipo huacha alama inayoweza kufuatiliwa, tofauti na bahasha ambayo aliyeipunguza hajulikani. Anayeumwa siku ya malipo hapotezi haki yake, bali atazikuta akipona. Tena hakuna tangazo la mtaa mzima kwamba fulani ana Sh4,000 mfukoni, kiasi ambacho kwa miaka mingi kilitolewa kila baada ya miezi miwili.

Kuna na faida ya heshima, isiyoandikwa katika hati za serikali. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema wazee wana haki ya kuishi kwa hadhi na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali, na kifungu cha 43 kinaitaka serikali iwasaidie wasioweza kujikimu. Mtu anayekwenda kuchukua fedha zake kwa wakati wake, bila kusukumwa wala kuitwa kwa kipaza sauti, anaipokea haki hiyo kama haki.

Kwa waumini wa Kiislamu wa Pwani, huwa kuna swali moja zaidi ambalo maafisa kutoka bara mara nyingi hawalitarajii, nalo ni riba. Wazee kadhaa wamekaa mbali na benki maisha yao yote kwa sababu hiyo tu, na haifai kuwacheka. Jibu lake ni jepesi: akaunti ya kupokelea malipo si lazima izae chochote. Benki za kufuata sharia zimekuwapo nchini tangu 2008, zilipofunguliwa Gulf African Bank na First Community Bank, na baadhi ya benki za kawaida zina dirisha la aina hiyo. Mzee au mwanawe aulize kabla ya kutia sahihi kama akaunti husika ina riba, na kama ipo, aombe ile isiyokuwa nayo.

<b>Mikono mipya</b>

Malipo ya moja kwa moja huondoa mikono ya zamani, lakini huleta mipya. Wa kwanza ni yule anayeitwa msaidizi. Mzee asiyejua kusoma humpa kijana kadi na namba ya siri, naye kijana humletea fedha. Mara ya kwanza huja zote. Mara ya pili pana "nauli". Ikiwa kijana atabakisha Sh200 kila mwezi, mzee atakuwa amepoteza Sh2,400 kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya malipo ya mwezi mzima, na hakuna afisa yeyote atakayeona hitilafu katika daftari lake. Kwenye kompyuta ya benki kila kitu kitaonyesha kuwa mwenye akaunti alichukua haki yake yote.

Si kila msaidizi ni mwizi, na wako wajukuu wanaowabeba bibi zao mgongoni hadi kwa wakala. Ila uaminifu wa mtu si sababu ya kumkabidhi namba ya siri. Mjukuu anaweza kumsindikiza bibi, akamsomea ujumbe, akahesabu fedha mbele yake, huku namba zenyewe zikibonyezwa na kidole cha mwenye mali. Asiyeweza kukumbuka tarakimu nne ana njia nyingine: kwenda tawini na kutambuliwa kwa kitambulisho na alama za vidole, ingawa ni mbali zaidi.

Wa pili ni mwenye laini. Fedha zinapotumwa kwa simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, kisheria mwenye fedha hizo katika macho ya kampuni ya simu ni huyo mwenye jina. Akigombana na mzee, akihamia Nairobi au akifariki, kuzirudisha ni kazi ya miezi. Kwa hivyo hatua ya kwanza kwa yeyote anayeombwa kuhamia malipo ya simu si kubonyeza kitu chochote. Ni kuhakikisha kwamba laini hiyo imesajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe, na kwamba majina katika kitambulisho, laini na orodha ya Inua Jamii yanafanana hadi herufi ya mwisho. Pwani jambo hili lina uzito wa pekee. Mtu mmoja aweza kuwa Mwanahamisi katika hati moja, Mwanakhamisi katika nyingine, na jina la baba likaandikwa kwa namna tatu. Kompyuta haijui kwamba ni mtu yuleyule.

Wa tatu ni mdai, naye ndiye anayestahili kutazamwa kwa jicho kali zaidi. Laini inayotumiwa kukopa kwa simu, kwa mfano kupitia Fuliza iliyoanzishwa 2019, kwa kawaida hukatwa deni mara tu fedha zinapoingia. Ikiwa simu ya mzee huazimwa na vijana wa nyumbani, nao wakakopa kwayo, fedha za dawa zinaweza kumezwa na deni ambalo mwenyewe hakuwahi kulisikia. Inafaa simu ya kupokelea malipo ya serikali isiwe ya kukopea wala kucheza kamari. Kama haiwezekani kuwa na simu mbili, angalau ziwe laini mbili.

Hatari hiyo si ya kubuni. Afrika Kusini iliyaona makubwa zaidi. Mwaka 2012 shirika lake la malipo ya ustawi, SASSA, liliipa kampuni moja ya binafsi kazi ya kulipa misaada nchi nzima kwa kadi na alama za vidole. Haikuchukua muda kabla ya wazee na akina mama kulalamika kwamba fedha zao zilikatwa kulipia muda wa maongezi, umeme, bima ya mazishi na mikopo, wengine wakisema hawakuidhinisha lolote. Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliutangaza mkataba huo kuwa batili mnamo Novemba 2013, lakini serikali haikuwa na mlipaji mwingine aliye tayari, ikabidi mahakama yenyewe iurefushe 2017 ili mamilioni ya watu wasikose riziki. Ni mwaka 2018 tu ndipo kazi ilipohamishiwa Posta ya nchi hiyo. Hapo si akaunti iliyokuwa mbaya. Aliyekuwa akilipa misaada alikuwa na jamaa wa kibiashara waliouza mikopo na bima kwa watu walewale, tena akiwa na funguo za akaunti zao.

Marekani nayo, ambayo iliwahimiza wazee kuacha hundi za karatasi, haikufika kwa siku moja. Sheria ya kutaka malipo ya serikali yawe ya kielektroniki ilipitishwa 1996, kampeni ya kuwashawishi wapokeaji ikafanywa kwa miaka kadhaa kuanzia 2005, na kadi maalumu kwa wasio na akaunti ikatolewa 2008, kabla ya agizo la Machi 2013 kuwataka karibu wote wahame. Hata hivyo hundi ziliendelea kutumwa kwa wachache hadi serikali ilipoagiza zikome mwishoni mwa Septemba 2025. Nchi tajiri yenye benki kila kona ilihitaji takriban miaka 30. Mzee wa Kisauni aliyepewa wiki chache abadilishe njia ya malipo ana haki ya kunung'unika.

Upande wa pili wa mpaka wa kusini, Zanzibar ilipoanzisha Pencheni Jamii Aprili 2016 kwa kila mkazi aliyetimu miaka 70, ikiwa Sh20,000 za Tanzania kwa mwezi, ilianza kwa kulipa taslimu vituoni. Ni njia iliyo wazi machoni pa watu, na mzee haulizwi namba ya siri. Ila mgonjwa lazima afike au amtume mtu, nalo swali la nani anayepokea kwa niaba yake likarudi palepale.

<b>Yanayofaa kufanywa</b>

Anayetaka kujiunga au kubadilisha njia ya malipo aanzie kwa chifu au afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, na kwa mayatima ni afisa wa watoto. Hao ndio wenye orodha. Kwa kuwa serikali imebadilisha njia ya malipo zaidi ya mara moja, ni kwao pia atakapojua ni benki au huduma ipi ya simu inayotumika wakati huo, badala ya kutegemea maneno ya barazani au ujumbe wa simu. Hakuna afisa wa kweli atakayempigia mzee simu kumwomba namba ya siri, wala kujiunga hakulipiwi.

Benki itataka kitambulisho cha asili. Aliyepoteza chake aombe kingine kwanza, na Huduma Centre ni mojawapo ya mahali pa kuulizia. Kabla ya kuondoka kaunta aulize maswali matatu: ada ya kutoa fedha kwa tawi na kwa wakala ni ngapi, akaunti ina makato yoyote ya mwezi, na atajuaje kwamba fedha zimeingia. Majibu yaandikwe. Mzee anayejua kwamba wakala hukata kiasi kadhaa kwa kila kutoa, ataona mwenyewe kuwa ni nafuu kutoa mara moja kuliko mara nne, au kwamba ni heri kwenda tawini siku ambayo ana safari nyingine upande huo.

Siku za malipo si ajabu wakala mdogo kuishiwa na taslimu kufikia saa nne asubuhi. Mwingine humwambia mzee achukue nusu, au anunue sukari dukani mwake ili ahudumiwe upesi. Si lazima kukubali. Hii ndiyo raha ya akaunti kamili: fedha hazitoki mbio, na kesho kutwa foleni imekwisha.

Lakini zisiachwe muda mrefu mno pia. Akaunti isiyoguswa kwa mizunguko kadhaa ya malipo hutiliwa shaka kwamba mwenyewe hayupo tena, na malipo yakasimamishwa. Mzee anayeweka akiba aguse akaunti mara kwa mara, hata kwa kutoa kidogo. Vilevile maafisa wanapopita kuhakiki walio hai, aliyesafiri kwenda Kilifi au Taita kuuguzwa kwa mwanawe aripoti aliko. Wako ambao hawakukutwa nyumbani nao majina yao yakasimama.

Kwa watu wenye ulemavu mkubwa na wazee waliolala kitandani, fedha hupokewa na mlezi aliyesajiliwa. Mpangilio huo hauna budi, lakini ndio wenye mianya mingi, kwa sababu mwenye haki hana sauti. Familia inafanya vyema kumtaja mlezi mbele ya watu kadhaa wa nyumba, si faraghani, na kukubaliana fedha zitanunua nini. Mlezi akifariki au kuhama, mabadiliko yaombwe upesi na kwa maandishi, kwa kuwa hadi mlezi mpya aingizwe katika mtambo fedha zitakaa bila mtu wa kuzitoa.

Penye makato yasiyoeleweka, malalamishi yaanzie kwa benki au kampuni ya simu iliyolipa, kisha kwa afisi ya ustawi wa jamii, na yapewe namba ya kumbukumbu. Yasiposikizwa kuna Tume ya Haki za Kiutawala, iliyoundwa 2011 kushughulikia uzembe na dhuluma katika afisi za umma, ambayo haitozi ada. Risiti ya wakala, hata iliyokunjika na kufifia, ina nguvu kuliko maelezo ya saa nzima, na kwa wanaotumia simu ujumbe wa malipo usifutwe.

Mnufaika anapoaga dunia, jamaa wanatakiwa kumjulisha chifu na afisi ya ustawi. Fedha zilizoingia akiwa hai ni mali yake na huingia katika mirathi; zitakazoingia baada ya kifo chake si za warithi, na anayezitoa kwa kadi ya marehemu anaweza kutakiwa kuzirudisha. Cheti cha kifo, kitambulisho cha marehemu na kadi ya benki ndivyo vitakavyohitajika siku hiyo, na ni vyema viwe pamoja katika bahasha moja.